IST iuzwe au ibaki? Kisa cha familia ya Makabe kati ya Noah na Forester ya turbo

Familia hii inakaa Makabe, ukishaiacha Barabara ya Morogoro pale Mbezi na kuanza kupanda na kushuka vilima. Tuwaite Baba Neema na Mama Neema. Majina si yao. Nyumba ikijaa wanakuwa saba: wao wawili, Neema mwenye miaka 11, mapacha wa miaka 4, dada wa kazi, na bibi mzaa baba, ambaye hushuka kutoka Marangu kwa ajili ya kliniki pale Mloganzila, akakaa miezi mitatu minne, kisha akarudi kwenye migomba yake. Gari ni moja, Toyota IST namba D, ile ya cc 1,298, imetunzwa vizuri.

Mkononi walikuwa na milioni 25, nusu akiba na nusu mkopo wa saccos. IST walikadiria ingetoka kwa milioni 9 na nusu bila kuhangaika, maana IST Dar haikai sokoni. Swali walilonijia nalo lilikuwa fupi: tukiuza hii, tununue nini?

Kila mmoja alikuwa na jibu lake tayari. Baba Neema alitaka Subaru Forester, umbo la SH5, yenye turbo, kile kifaa kinachosukuma hewa ya ziada kwenye injini ili ipate nguvu. Mama Neema alitaka Toyota Noah yenye safu tatu za viti, umbo la ZRR70. Walikuwa wameshabishana vya kutosha hadi wamefika mahali pa kuheshimiana kwa ukimya, hali ambayo mimi naiogopa kuliko kelele.

Nimekiandika kisa hiki kwa kirefu, kwa idhini yao, kwa sababu nyumba nyingi za Dar zipo kwenye swali hilihili, na kwa sababu jibu walilolipata halikuwemo kwenye swali walilouliza.

Hoja za Baba Neema

Alizipanga kama wakili. Barabara ya kwao masika haipitiki. Mitaro inakata njia katikati, na IST imeshapiga chini mara nyingi hadi kinga ya injini imeng'oka. Forester imeinuka kutoka ardhini zaidi ya sentimita 20, na magurudumu yote manne yanavuta muda wote bila dereva kubonyeza chochote. Desemba wanakwenda kwao Marangu, zaidi ya kilomita 500, na mwisho wa safari kuna mlima na udongo mwekundu unaoteleza. Bodi ni imara. Buti ni kubwa.

Yote kweli. Lakini hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji turbo. Forester SH5 isiyo na turbo imeinuka vilevile, inavuta magurudumu manne vilevile, ina buti lilelile, inakula mafuta kidogo na mafundi wanaiogopa kidogo. Nikamwambia: basi chukua isiyo na turbo. Akakaa kimya, akaangalia chini, kisha akasema, "Kaka, hiyo siyo yenyewe."

Hapo ndipo mazungumzo ya maana yalipoanza. Baba Neema ni mtoto wa Kilimanjaro aliyekulia kwenye kanda za video za mashindano ya magari, na mwaka 1997 Colin McRae aliposhinda Safari Rally ndani ya Impreza ya buluu, yeye alikuwa kijana wa sekondari. Injini ya EJ20, silinda nne zilizolazwa ubavu, mbili kushoto na mbili kulia, kwake si chuma tu. Forester ya turbo ya SH5 inabeba injini ya ukoo huohuo, EJ205, yenye nguvu za farasi 230. IST yao ina 87. Mtu huyu amekuwa akiendesha farasi 87 kwa miaka kadhaa huku akisikiliza mngurumo wa wenzake pale Kimara Temboni, na hajawahi kulalamika.

Msimamo wangu katika hili uko wazi. Kulipenda gari ni matumizi halali ya pesa ya nyumba, sawa na kupenda kushona nguo kila sherehe au kuchangia harusi za watu usiowajua. Tatizo linakuja pale penzi linapojificha nyuma ya mashimo ya Makabe. Likijificha, halina bei. Mke anaulizwa akatae usalama wa watoto, kumbe anachoulizwa ni kama yuko tayari mume wake afurahie kukanyaga mafuta. Swali la pili linajibika, tena mara nyingi kwa huruma. La kwanza halijibiki.

Hoja za Mama Neema, na kilichokuwa chini yake

Mama Neema anauza vitenge Kariakoo. Hoja zake zilikuwa viti, mizigo na bibi. Familia ina watu saba, gari lina viti vitano. Bibi ana goti bovu. Mlango wa Noah unaoteleza na sakafu yake ya chini ni raha kwa mtu wa umri wake. Na marobota ya vitenge hayaingii kwenye IST.

Hizi nazo zilisikika ni za kazi tupu. Nikamwomba afanye kitu kimoja: kwa mwezi mzima, kila jioni, aandike kwenye simu nani alikaa kwenye gari siku hiyo na walikwenda wapi. Alicheka, "Shemeji, umenifanya konda." Lakini aliandika.

Orodha ilionyesha mambo ambayo hakuna aliyeyasema mezani. Siku za kazi, gari linatoka nyumbani alfajiri likiwa na watu wawili: Mama Neema kwenye usukani na Baba Neema pembeni hadi Kimara, ambako anashuka kupanda mwendokasi kwenda Kivukoni. Kutoka Kimara hadi Kariakoo yuko peke yake, jioni hivyohivyo. Watoto wanachukuliwa na basi la shule. Watu saba ndani ya gari moja walitokea Jumapili za kwenda kanisani tu, tena kwa sababu bibi alikuwepo. Miezi ambayo bibi yuko Marangu, hata hizo hazipo. Desemba je? Dada wa kazi huenda kwao Singida, bibi yuko kule kule Marangu akiwasubiri. Wanaosafiri ni watano. Marobota yanaletwa dukani na kirikuu, kama marobota ya kila mtu Kariakoo. IST inabeba mifuko ya wateja tu.

Kwa hiyo hoja ya viti saba nayo ilikuwa na moyo ndani yake: woga wa kumwacha mtu barabarani. Ni woga mzuri, wa mtu aliyelelewa vizuri. Lakini ukiununulia gari, ukoo wote unajua. Yeye mwenyewe ndiye aliyelisema hili siku ya pili, kwa sauti ya mtu aliyeamka: "Noah si gari la nyumba, Noah ni gari la ukoo. Ukishakuwa nayo, wewe ndiye kamati ya usafiri." Misiba, vipaimara, kitchen party, send-off, mgonjwa wa jirani. Baba Neema akaongeza la kwake, kwamba kule Moshi Noah zinafanya kazi ya vifodi, yaani daladala ndogo, na akiingia nayo Himo watu watamsimamisha kwa mkono.

Kilichobaki, baada ya kuondoa viti, ndicho kilichonishangaza zaidi. Nilimwuliza Mama Neema ni lini mara ya mwisho aliichukia IST. Hakutaja mizigo. Alitaja kipande cha barabara kati ya Mombo na Same, Desemba, gari likiwa na watu watano, begi juu ya begi, lori mbele na basi nyuma. Yeye ndiye huendesha kuanzia Segera, kwa sababu mume wake husinzia baada ya kula. Alitoka kulipita lori, akakanyaga hadi mwisho, na IST haikuchanganya. Ilimbidi arudi nyuma ya lori huku gari lililokuwa linakuja likimwashia taa. "Nilitaka gari ambalo nikiliambia twende, linakwenda."

Tazama sasa. Aliyekuwa anaitwa mtu wa mahitaji alikuwa anataka nguvu, na sababu yake ya kuitaka ilikuwa nzito kuliko ya mpenda magari. Noah ya ZRR70 ina injini ya cc 1,986 yenye farasi wapatao 143, lakini ikiwa tupu inazidi tani 1 na nusu. Ijaze watu na mizigo, irushe kwenye mlima, utaisikia inalia bila kuondoka haraka. Forester ya turbo ni nyepesi kuliko Noah na ina farasi karibu 90 zaidi. Kwa hitaji la kweli la Mama Neema, gari la ndoto za Baba Neema ndilo lililokuwa jibu bora. Hawakuwa wamewahi kuambiana.

Hesabu iliyogeuza swali

Hapa niliweka karatasi mezani. Mama Neema anatembea kilomita zipatazo 50 kwa siku, kwenda Kariakoo na kurudi, siku 22 za mwezi: kilomita 1,100. Kanisani, Mloganzila, sokoni, kwa ndugu wa Tegeta na safari ndogondogo zinafika kilomita 450. Jumla 1,550. Petroli tuliichukulia shilingi 3,000 kwa lita ili hesabu isitusumbue, kwa kuwa EWURA hubadilisha bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na foleni ya Dar tuliiheshimu: IST kilomita 13 kwa lita, Noah 9, Forester ya turbo 7. Hizi ni namba za foleni, za watu ninaowajua wanaoendesha magari hayo. Zilizomo kwenye matangazo ya wauzaji ziachie huko huko.

Wakiuza IST na kazi yote ifanywe na Forester, mafuta ni karibu 664,000 kwa mwezi. Noah pekee, karibu 517,000. IST kama ilivyo leo, 358,000.

Ukiishia hapo, Forester imeshakufa. Ndivyo hesabu za namna hii zinavyofanywa siku zote, na ndivyo mwenye penzi anavyoondoka mezani amenuna. Lakini orodha ya Mama Neema ilikuwa imeonyesha kwamba kazi ni mbili, hazifanani. Moja ni ya kila siku, mtu mmoja, foleni, Kariakoo ambako maegesho yanahesabu saa na vioo vinagongwa na mikokoteni. Nyingine ni ya wikiendi na Desemba, watu watano, barabara mbovu au barabara kuu. Kwa nini gari moja lifanye zote mbili?

IST ikibaki na kilomita zake 1,100, inakunywa shilingi 254,000. Forester ikichukua zile 450, inakunywa 193,000. Jumla 447,000. Magari mawili, moja likiwa la turbo, yanakula mafuta kidogo kuliko Noah moja inayofanya kila kitu, kwa shilingi 70,000 hivi kila mwezi. Baba Neema aliichukua kalamu akarudia mwenyewe mara mbili.

Mtu makini ataniuliza: mbona hukulinganisha na IST pamoja na Noah? Nililinganisha. Hiyo ni 404,000. Kwa hiyo bei halisi ya mafuta ya kuchagua turbo badala ya Noah, kama gari la pili, ni shilingi 43,000 kwa mwezi. Wangeuza IST, tofauti hiyohiyo ingekuwa 147,000. Penzi ni lilelile na gari ni lilelile. Kilichoshusha bei yake ni kuliondoa kwenye foleni.

Kuna gharama ambazo magari mawili hayaziepuki: sevisi mbili, tairi nane, betri mbili. Bima haikuuma kama walivyodhani. Bima kubwa ya gari binafsi huanzia asilimia 3.5 ya thamani, na VAT juu yake, na hiyo wangeilipa kwa lolote watakalonunua. IST inaweza kubaki na bima ndogo. Ada ya mwaka ya leseni ya gari ilifutwa 2017 na kuhamishiwa kwenye bei ya mafuta, kwa hiyo gari likilala uani halidaiwi ada hiyo. Kwa familia yenye gari la wikiendi, mabadiliko yale yalikuwa zawadi.

Kuagiza au kuchukua la mkononi

Hili halikuchukua muda. Forester SH5 ya turbo ni gari la kuanzia 2007 mwishoni hadi 2012, maana yake kokote utakakoagiza limeshazidi miaka 10. Kwa viwango vya miaka ya karibuni, gari dogo likivuka umri huo linabeba ushuru wa ziada wa asilimia 30 juu ya ule wa kawaida. Fanya mfano: TRA wakilithamini gari kuwa milioni 10 likifika bandarini, ushuru wa forodha wa asilimia 25 unalipeleka milioni 12.5, hapo unakuja ushuru wa bidhaa wa asilimia 5 kwa injini isiyozidi cc 2,000, na ile 30 ya uchakavu, juu ya yote VAT ya asilimia 18. Unafika karibu milioni 19.9, kabla ya tozo ndogo, bandari na wakala. Bila ule wa uchakavu ungeishia milioni 15.5 hivi. Na thamani wanayotumia ni ya kikokotoo chao, si ya risiti yako, kwa hiyo punguzo ulilopewa na muuzaji wa Japani linabaki kuwa furaha ya moyoni tu.

Gari la mkononi kodi hiyo ililipwa zamani na mtu mwingine. Kwa gari la umri huu, mimi husema mkononi, lakini kwa masharti nitakayoyaeleza.

Mtu mmoja wa familia alipendekeza Kluger kama suluhu ya kati: imeinuka, baadhi zina viti saba, ni Toyota. Sikuipenda. Ya 2.4 iko kwenye kundi la juu la ushuru, injini yake ya 2AZ ina historia ya nyuzi za boliti za silinda hedi kulegea, na zaidi ya yote, hakuna aliyeitaka. Gari la kati lililochaguliwa ili asiwepo anayelalamika huishia kuwa na watu wawili wanaolalamika, tena kwa mkopo wa miaka mitatu.

Turbo bila hadithi za kijiweni

Dar kuna msemo wa mafundi kwamba Subaru ni gari la kujifunzia umaskini. Una ukweli ndani yake, lakini ni ukweli wa gari lililonyimwa sevisi. EJ205 ina mambo machache yasiyosameheka. Mkanda wake wa taimingi unabadilishwa kila kilomita 100,000. Ukikatika, pistoni na valvu zinagongana na injini imekwisha. Oili ni sintetiki na ibadilishwe mapema, kwa sababu bomba linaloipeleka kwenye turbo ni jembamba na masizi huliziba. Ukitoka kukimbiza, iache injini ingurume taratibu kidogo kabla ya kuzima. Na kiwandani iliandikiwa petroli ya oktani ya juu. Kabla hujanunua, kaulize sheli unayojaza kila siku kama wanayo.

Haya si siri. Yanashindikana kwa sababu mtu ananunua turbo kwa shilingi yake ya mwisho. Noah nayo si malaika: giaboksi yake ni CVT, yaani otomatiki ya mkanda isiyo na gia za hatua, na nimeona zikifa kwa sababu fundi alimimina hidroliki ya kawaida badala ya oili ya CVT. Giaboksi ikifa, msemo wa umaskini unahamia Toyota.

Mama Neema alisikiliza yote haya, kisha akaweka sharti moja ambalo ndilo lililofanya nikubali mpango. Kati ya zile milioni 25, milioni 4 haziguswi na muuzaji. Zinakaa kwenye akaunti yake yeye, ni za Forester tu: mkanda, pampu ya maji, bushi, tairi, na turbo ikibidi. Zikiisha kabla ya mwaka mmoja kutimia, gari linauzwa bila mkutano. Baba Neema alikubali haraka mno, akaambiwa aandike. Akaandika.

Hii maana yake bajeti ya gari ikawa milioni 21.

Gari la kwanza, na la pili

La kwanza walilipata kwenye yadi moja, jeusi, rimu kubwa, ekzosi ya kelele. Baba Neema alishalipenda kabla hatujafungua boneti. Tulikwenda asubuhi bila taarifa tukiwa na fundi, kwa sababu gari la kukagua lazima likutwe baridi. Muuzaji akikuwekea limeshapashwa, kuna kitu anakificha. Lilipowashwa lilitoa moshi wa buluu uliokaa hewani. Muuzaji akasema ni unyevu. Unyevu hauna rangi ya buluu. Kumbukumbu ya mkanda hakuna, kofia ya radieta imepakwa mafuta, na gari lilikuwa limeshushwa, yaani lile la kupita Makabe masika likawa liko chini kuliko IST. Mama Neema, ambaye alikuwa amekaa kwenye IST anapiga simu dukani, alishusha kioo akamwuliza mume wake swali moja: "Hili ndilo la mashimo?" Tukaondoka.

Ushauri kwa wanaotafuta: gari la aina hii likiwa limebadilishwa sana, mwache mwenye nalo aendelee kulifurahia. Tafuta la mzee. La pili lilikuwa la mzee, mtumishi mstaafu wa Kinyerezi, rangi ya fedha isiyovutia, redio ya kiwandani, faili la risiti tangu lilipotoka bandarini. Mkanda ulishabadilishwa mara moja. Asubuhi likiwa baridi liliwaka safi. Lilikuwa linavuja oili kidogo kwenye vifuniko vya valvu, jambo la kawaida kwa injini iliyolazwa ubavu, na bushi za mbele zilikwisha. Tulilinganisha namba ya chesisi na kadi, tukaangalia kama linadaiwa faini za trafiki, na malipo yakafanyika siku ileile ya kuhamisha umiliki TRA, si kabla. Milioni 19 na laki 8.

Aliyelijaribu barabarani alikuwa Mama Neema. Hili nililisisitiza mimi. Kama anayelihitaji gari kwa ajili ya kupita malori ni yeye, basi mguu wake ndio ulipaswa kusema. Alilipeleka Kibaha na kurudi, mume wake akiwa kiti cha nyuma na mzee mbele. Waliporudi hakusema kitu kuhusu farasi 230. Aliuliza kama kiti kinapanda juu zaidi.

Yaliyobaki bila jibu

Bibi alilikubali gari, lakini kupanda kwake kunahitaji kigoda kidogo ambacho sasa kinakaa ndani ya buti. Jumapili akiwepo wanatoka na magari mawili, na mapacha wanagombania nani apande la baba. Siku za wiki Forester inalala, na Baba Neema ameanza kutafuta sababu za kuipeleka mjini. Nimemkumbusha karatasi ya hesabu, kwamba ile 43,000 inakua kila anapoingia nayo kwenye foleni ya Ubungo.

Mjadala mpya ni wa IST. Mama Neema amesikia wenye bajaji na madereva wa mtandaoni wakisifia gesi asilia, na sasa anataka kufunga mfumo. Hesabu ya mafuta inamuunga mkono: lita 85 anazotumia kwa mwezi ni sawa na kilo 57 hivi za gesi, na tukiichukulia kilo kuwa shilingi 1,550 anatumia chini ya laki moja badala ya 254,000. Kufunga mfumo kukimgharimu milioni 2, pesa inarudi ndani ya mwaka na ushei. Lakini mtungi unachukua buti, na buti ndilo linalobeba mifuko ya wateja wake. Halafu kuna foleni ya kujaza, ambayo kwa mtu anayetoka nyumbani alfajiri ili aiwahi foleni nyingine si jambo dogo. Wiki iliyopita aliniambia amepima: mtungi ukikaa nyuma na kiti cha nyuma kikalazwa, mifuko inaingia. Nikamwuliza: kiti cha nyuma si kina wenyewe Jumamosi? "Jumamosi," akasema, "watapanda la baba yao."